Habari za El Salvador na Walioziandika

Sinema iitwayo Salvador ilitoka Marekani mwaka 1986, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya El Salvador vilipokuwa vimekwisha kula miaka sita na vina miaka mingine sita mbele yake. Na serikali iliyokuwa ikilipatia jeshi la nchi hiyo silaha, helikopta na mafunzo ilikuwa serikali ya hao hao waliokata tiketi kwenda kuitazama. Mwongozaji wake, Oliver Stone, alikuwa askari wa zamani wa Vietnam. Aliyeshirikiana naye kuandika hadithi ni Richard Boyle, mwandishi wa habari ambaye naye alikuwa ameiona Vietnam kabla ya kuiona El Salvador, na ambaye katika sinema hiyo amewekwa kwa jina lake mwenyewe, James Woods akimwigiza. Kampuni kubwa za Hollywood ziliikwepa kazi hiyo, fedha zikatoka kwa kampuni ya Kiingereza ya Hemdale, na picha zikapigwa Mexico, kwa kuwa katika El Salvador yenyewe bunduki zilikuwa hazijanyamaza.

Boyle wa sinema si mtu wa kusifiwa. Ni mlevi, ni mdeni, nyumba yake imevunjika, na anashika njia ya kusini pamoja na rafiki yake kwa sababu amesikia kuwa kuna vita huko, na vita kwake ni riziki. Mbele ya makadhi wa pwani yetu, ambao tangu zamani huuliza uadilifu wa shahidi kabla ya kuusikiliza ushahidi wake, mtu wa namna hii angerudishwa mlangoni. Hata hivyo ndiye aliyekwenda, ndiye aliyeona, na wale wenye suti safi na vyeo wanaomkana katika ubalozi wa Marekani ndio wasiotaka kuona. Nadhani nguvu ya sinema hii imo humo zaidi kuliko katika mapigano yake, kwani imelishika swali ambalo historia ya El Salvador imelirudia kwa karne nzima: ushahidi wa nani hukubaliwa, na nani amepewa mamlaka ya kuukataa? Maana mashahidi hawakukosekana katika nchi ile hata siku moja.

Nchi yenyewe ni ndogo, na kwa muda mrefu mali yake ilikuwa kahawa. Sheria za mwaka 1881 na 1882 zilifuta ardhi za jumuiya, ambazo vijiji vilizilima kwa pamoja tangu enzi za Wahispania, na miteremko mizuri ya volkano ikaingia mikononi mwa familia chache, hali wale waliokuwa wenye ardhi wakageuka vibarua wa kuchuma kahawa juu ya udongo wa babu zao. Bei ya kahawa ilipoanguka duniani baada ya mwaka 1929, ujira nao ukaanguka mpaka ukawa hautoshi chakula. Mwezi wa Januari 1932 wakulima wa magharibi, wengi wao wenyeji wa asili waitwao Wapipil, wakainuka na mapanga yao katika miji ya Izalco, Nahuizalco na Juayúa. Jenerali Maximiliano Hernández Martínez aliuzima uasi huo kwa siku chache tu, lakini uasi ulipokwisha askari wake waliendelea kuua kwa majuma kadhaa, wakiwatambua wenye hatia kwa mavazi yao na kwa sura zao. Wanahistoria hukisia waliouawa kuwa kati ya 10,000 na 30,000, na watu wa El Salvador huyaita mauaji hayo La Matanza. Wapipil walionusurika waliyavua mavazi yao ya jadi, wakaificha lugha yao ndani ya nyumba, na wengi hawakuwafundisha watoto wao.

Katika usiku mmoja wa mauaji hayo, fundi wa viatu aitwaye Miguel Mármol alipangwa mstarini pamoja na wenzake mbele ya kikosi cha askari, akapigwa risasi, akaanguka, na akaachwa kati ya maiti kwa kudhaniwa kuwa ni mmoja wao. Alitambaa akaondoka na majeraha yake. Mtu huyu alikuwa shahidi kamili, aliyeyaona mauti ya wenzake kwa umbali wa hatua moja. Lakini ni nani katika El Salvador ya wakati ule angelichapa neno lake? Ilimpasa angoje hadi mwaka 1966, alipokutana huko Praha na mshairi wa nchi yake Roque Dalton, naye Dalton akayaandika maelezo yake yote, na kitabu kikatoka mwaka 1972. Miaka arobaini ilipita kati ya risasi na wino. Dalton mwenyewe aliuawa mwaka 1975 na wenzake katika kundi la waasi alilojiunga nalo, jambo ambalo msimulizi mwenye insafu hana ruhusa ya kulipitia kimya eti kwa sababu waasi walikuwa na madai ya haki.

Kufikia miaka ya 1970 dhulma ilikuwa ile ile, na idadi ya watu ilikuwa imeongezeka sana juu ya ardhi isiyoongezeka. Uchaguzi ulikuwa ukifanyika na matokeo yakibadilishwa. Mapadri waliowafundisha wakulima kusoma Injili na kuuliza maswali juu ya ujira wao walianza kuuawa, na wa kwanza kujulikana sana alikuwa Padri Rutilio Grande, aliyepigwa risasi njiani tarehe 12 Machi 1977. Majuma machache kabla ya hapo rafiki yake Óscar Romero, mtu mpole wa vitabu ambaye matajiri walimdhania kuwa ni wao, alikuwa amewekwa kuwa Askofu Mkuu wa San Salvador. Mauti ya Padri Grande yalimgeuza. Nami nasema bila ya kusita kwamba mwandishi wa habari mkubwa kuliko wote katika vita vile alikuwa yeye, ingawa hakuwa na kadi ya magazeti wala kamera.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila Jumapili, katika kanisa kuu, Romero alihubiri kwa muda uliozidi saa moja, na stesheni ya redio ya jimbo lake, YSAX, iliyapeleka mahubiri hayo hadi kwenye vijiji vya mbali. Kwanza aliyafafanua masomo ya siku. Kisha akaingia katika matukio ya juma, akisoma nani amekamatwa, nani hajaonekana, nani ameokotwa barabarani amekufa, katika kijiji gani, siku gani, na ni kikosi gani kilichoonekana kikimchukua. Majina hayo yalikusanywa na mawakili na vijana wa ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo, waliowapokea akina mama waliokuja wakilia na picha za wana wao, wakaandika, wakahakikisha, kisha wakamletea. Magazeti makubwa ya mji mkuu yalikuwa ya wenye mali, na habari hizo hayakuzichapa. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa ikitega sikio, na waliokuwapo husimulia kuwa mtu aliweza kutembea mtaa baada ya mtaa asipotelewe na neno moja la mahubiri, kwa kuwa kila nyumba na kila duka lilikuwa limefungulia redio. Mitambo ya YSAX ililipuliwa kwa mabomu zaidi ya mara moja, na kila mara ilitengenezwa.

Mwezi wa Februari 1980 Romero alimwandikia Rais Jimmy Carter kumsihi asipeleke msaada wa kijeshi. Tarehe 23 Machi, katika mahubiri yake, aliwageukia askari wenyewe, ambao wengi walikuwa wana wa wakulima, akawaamuru kwa jina la Mungu wakomeshe ukandamizaji. Siku ya pili yake, jioni, alipokuwa akisali misa katika kanisa dogo la hospitali ya wagonjwa wa saratani alikokuwa akiishi, risasi moja iliyopigwa kutoka nje ya mlango ilimwangusha hapo hapo kwenye altare. Sinema imeligeuza tukio hili, ikamfanya muuaji asogee mbele kama mpokeaji wa Ekaristi; mimi ningependa iliache kama lilivyokuwa, kwani mtu aliyetumwa kuua kutoka mbali, katika gari lililoondoka bila haraka, anaieleza serikali ile vizuri zaidi kuliko muuaji wa ana kwa ana. Katika mazishi yake, tarehe 30 Machi, mabomu na risasi viliuangukia umati uliojaa mbele ya kanisa kuu, na watu kwa makumi wakafa, wengi wao kwa kukanyagwa.

Waandishi wa magazeti madogo ya kizalendo waliandamwa kwa namna iyo hiyo. Mwezi wa Julai 1980 Jaime Suárez, mshairi na mhariri wa La Crónica del Pueblo, alichukuliwa mkahawani pamoja na mpiga picha César Najarro, na maiti zao zikapatikana zimekatwakatwa. Gazeti hilo halikutoka tena. El Independiente la Jorge Pinto, ambalo ofisi yake ilikuwa imekwisha kupigwa mabomu na mwenyewe kunusurika na risasi, lilifungwa na jeshi mwezi wa Januari 1981. Baada ya hapo, katika magazeti ya San Salvador, hapakusalia la kupingana na serikali. Yafaa mtazamaji wa sinema alijue hili, kwa sababu Boyle na wenzake wanaonekana kama kwamba wamefika mahali pasipo na mtu wa kusema, ambapo kwa kweli walifika mahali ambapo wasemaji walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Wageni hao walikaa zaidi katika hoteli ya Camino Real, nao wakitoka asubuhi kwenda mikoani waliandika herufi za TV kwa utepe juu ya vioo vya magari na kufunga bendera nyeupe, hata kama walikuwa watu wa magazeti, kwa sababu herufi hizo mbili zilifahamika na askari na waasi pia. Safari za karibu zilikuwa za kuhesabu maiti. Kaskazini-magharibi ya mji mkuu kuna uwanda wa mawe meusi ya volkano uitwao El Playón, ambako vikosi vya wauaji vilikuwa vikitupa watu wao usiku, na mbwa na tai walizoea kuja. Stone amekiweka kipande hicho katika sinema yake: Boyle na mpiga picha John Cassady wanapanda juu ya chungu ya maiti, wakifunika pua, kamera zikilia, na Cassady anaeleza kwamba mpiga picha hana budi asogee karibu ili aipate kweli, lakini akisogea karibu mno hufa. Cassady amechongwa kutokana na John Hoagland, mpiga picha wa Kimarekani aliyefanya kazi miaka mingi El Salvador, aliyeuawa karibu na Suchitoto mwezi wa Machi 1984 katikati ya mapigano. Katika sinema anakufa mapema zaidi, katika shambulio la waasi la Januari 1981 huko Santa Ana.

Lakini jambo kubwa kuliko yote katika historia ya habari za vita hivi halimo katika sinema, kwa kuwa lilitokea baada ya siku zinazosimuliwa humo. Mwezi wa Desemba 1981 kikosi cha Atlacatl, kilichofunzwa na Wamarekani, kiliingia katika kijiji cha El Mozote, mkoani Morazán. Asubuhi ya tarehe 11 wanaume walifungiwa kanisani, wanawake na watoto nyumbani. Wanaume wakauawa kwanza, kisha wanawake wakatolewa kwa mafungu. Rufina Amaya, mwanamke mkulima, alikuwa wa mwisho katika fungu lake. Wenzake walipopiga kelele na kuomba, na askari wakashughulika nao, alipiga magoti, akajibanza nyuma ya mti mdogo, na hapo akakaa bila kutikisika huku askari wakizungumza hatua chache kutoka kwake, hata usiku, alipozisikia sauti za watoto wakiuawa na kuitambua sauti ya mwanawe akimwita. Alimpoteza mumewe na watoto wanne. Alitambaa kupita miongoni mwa ng'ombe na mbwa akaingia katika mashamba ya katani.

Majuma machache baadaye Raymond Bonner wa New York Times na mpiga picha Susan Meiselas walivuka mpaka wa Honduras usiku kwa miguu, wakiongozwa na waasi, wakafika El Mozote. Na baada yao akafika Alma Guillermoprieto, Mmexico aliyeandikia Washington Post. Waliona mifupa katika vifusi, walimsikiliza Rufina Amaya, na Bonner alipewa na wanakijiji orodha ya majina 733. Tarehe 27 Januari 1982 habari zao zilitoka katika kurasa za mbele za magazeti yote mawili. Linganisha na Mármol: safari hii ilikuwa majuma yasiyotimia saba, si miaka arobaini. Na likatokea nini? Siku iliyofuata, tarehe 28, Rais Ronald Reagan alilithibitishia Bunge lake, kama sheria ilivyotaka kabla ya msaada kuendelea, kwamba serikali ya El Salvador inajitahidi kutunza haki za binadamu. Ubalozi wa Marekani ulituma maofisa wawili ambao hawakufika kijijini, kwa kuwa askari waliowasindikiza walikataa kwenda mbele, na kwa taarifa ya hao wasiofika Thomas Enders wa Wizara ya Mambo ya Nje aliwaambia wabunge kuwa hakuna ushahidi wa mauaji ya halaiki. Waandishi wakaambiwa wamelaghaiwa na waasi. Gazeti la Wall Street Journal liliwashutumu kwa wepesi wa kusadiki. Na Bonner baadaye aliondolewa Amerika ya Kati akarudishwa New York. Rufina Amaya hakuhesabiwa hata kidogo. Alikuwa mkulima, mwanamke, mkaazi wa eneo la waasi, na neno lake likawekwa katika mizani moja na neno la kanali, likaonekana jepesi.

Hapo ndipo ninapoiona sinema ya Stone kuwa kazi ya heshima, pamoja na kasoro zake. Katika mwaka ambao wakubwa walikuwa bado wakikanusha, iliyaweka mbele ya macho mambo waliyoyakanusha: kuuawa kwa Romero, kuuawa, tarehe 2 Desemba 1980, kwa wanawake wanne wa Kimarekani waliokuwa katika kazi ya kanisa, watatu kati yao masista, na kiongozi wa vikosi vya wauaji, aitwaye humo Meja Max, ambaye kila aliyeijua El Salvador alimtambua kuwa ni Roberto D'Aubuisson. Wala haikuwatakasa waasi, kwani inawaonyesha wakiwapiga risasi mateka na Boyle akiwapigia kelele kuwa wanakuwa kama adui zao. Kosa lake kubwa ni kwamba wenyeji wake karibu wote ni wa kuliliwa tu. María, mpenzi wa Boyle, anateseka kwa uzuri na kwa ukimya, naye mwishoni anateremshwa katika basi na maofisa wa uhamiaji wa Marekani ili arudishwe kwao, kama walivyorudishwa maelfu ya watu wa nchi yake katika miaka ile. Lakini María anayeandika jina la mfu katika daftari la ofisi ya Romero hayumo.

Waandishi wa kigeni nao hawakusalimika. Katika juma la tatu la Machi 1982, Waholanzi wanne wa televisheni, Koos Koster, Jan Kuiper, Joop Willemsen na Hans ter Laag, walikwenda Chalatenango kukutana na waasi. Koster alikuwa amekwisha kuhojiwa na polisi siku chache kabla. Tarehe 17, karibu na Santa Rita, waliuawa wote wanne, na jeshi likatangaza kuwa walikutwa na risasi za pande mbili.

Vita vilikwisha kwa mkataba uliotiwa sahihi Chapultepec, Mexico, tarehe 16 Januari 1992, watu wapatao 75,000 wakiwa wamekufa. Mwaka huo huo wataalamu wa Argentina wa kuchunguza mifupa walichimba katika kijumba kilichokuwa kando ya kanisa la El Mozote. Walitoa mabaki ya watu 143, na katika hao 131 walikuwa watoto wasiofikia miaka kumi na miwili. Pamoja nao maganda ya risasi 245, mengi yao yakiwa na chapa ya kiwanda cha serikali ya Marekani cha Lake City, Missouri. Kila alilolisema Rufina Amaya mwaka 1982 lilikuwamo humo ardhini. Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya tarehe 15 Machi 1993, ilisema kuwa kwa hesabu ya malalamiko iliyoyapokea asilimia 85 yalihusu watu wa dola na washirika wao na kama asilimia 5 waasi, ikamtaja D'Aubuisson kuwa ndiye aliyeamuru kuuawa kwa Romero, na ikasema kuwa Waholanzi walinaswa katika mtego ulioandaliwa na Kanali Mario Reyes Mena. Siku tano baadaye Bunge la San Salvador lilipitisha sheria ya msamaha kwa wote.

Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 2016, Mahakama ya Juu ilipoitangua. Hakimu wa San Francisco Gotera akaifungua tena kesi ya El Mozote. Mwaka 2020 alipokwenda kukagua kumbukumbu za jeshi, askari walimzuia mlangoni, na mwaka uliofuata sheria ya kuwastaafisha mahakimu wenye umri mkubwa ikamwondoa kazini. Rufina Amaya hakuyaona hayo, kwani alifariki mwaka 2007. El Faro, gazeti lililorithi kazi ya La Crónica, lilihamisha makao yake ya kisheria Costa Rica mwaka 2023. Hata hivyo mwezi wa Juni 2025 jopo la raia huko Chalatenango liliwatia hatiani, kwa mauaji ya Waholanzi wale wanne, Reyes Mena, aliyekuwa akiishi Marekani, na pamoja naye José Guillermo García, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, na Francisco Antonio Morán, aliyekuwa mkuu wa polisi ya hazina, nao wote watatu walikuwa wamekwisha kuwa wazee sana. Wakahukumiwa miaka kumi na mitano kila mmoja, na mahakama ikaitaka serikali iombe radhi hadharani.